Nimekusikia, Kaka

Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la duka, huwa nafungua orodha. Naweka chai kando ya kompyuta, nasoma mapendekezo yaliyoingia, yanayofaa nayajaribu, yasiyofaa nayajibu kwa upole. Orodha yetu inaitwa Zana za Kanzidata Songwe. Ni ukurasa mmoja tu mtandaoni, wa programu za bure za kutunza kumbukumbu, na yeyote anaruhusiwa kupendekeza. Wanaoisoma ni makarani wa vyama vya kahawa, wa shule, wa zahanati, watu wasio na fundi karibu. Wakiona programu ipo kwenye orodha, wanaiamini.

Asubuhi moja kikombe hakikufika mdomoni. Juu kabisa, kwa herufi nzito, palikuwa na mstari nisiouandika mimi: *Ghala, zana ya nyumbani, imetengenezwa Tunduma. Imekubaliwa na Yunisi.*

Yunisi ni mimi.

"Jenista," niliita. "Hebu njoo uone."

Jenista ni binti wa mama mdogo. Tuna steshenari yetu jirani na mpaka, yeye anawatolea kopi madereva wa malori, mimi nawajazia fomu. Alisoma, akacheka.

"Hongera! Umekubali lini?"

"Sijakubali."

"Kwani kaka Gwamaka alipokuja hapa ulimjibuje?"

Nikakumbuka. Kaka Gwamaka alikuwa amepita dukani, akaegemea kaunta, akanieleza habari za Ghala yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nami nikamwambia, "Nimekusikia, kaka."

Jenista akaweka karatasi chini. "Wewe! Hata jogoo akikupanda kichwani utamwambia nimekusikia."

Kwetu, aliyekuzidi umri humkatalii usoni. Unamwambia umemsikia, naye akiwa na masikio anaelewa kwamba mlango umefungwa taratibu. Mama huwajibu hivyo wanaolitaka shamba letu, na hakuna aliyewahi kurudi na kamba ya kupimia. Lakini Gwamaka alikuwa na furaha nyingi siku ile, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Orodha aliianzisha yeye. Nilipotoka chuoni, nikiogopa hata kuuliza swali kwenye kikundi chetu cha watu wa kompyuta, yeye ndiye aliyenipa nywila na kusema, "Huyu mpole ndiye atakayeitunza." Sheria yetu kubwa pia aliitunga yeye. Kuna msimu umeme ulikatika Itaka wakati wa kupima kahawa, na programu tuliyoisifu sote ilirudi ikiwa tupu. Karani wa pale, Clement, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza wakulima walileta kilo ngapi. Wengine hawakumwamini tena mpaka leo. Tangu hapo, zana haiingii mpaka mmoja wetu aijaze majina, achomoe waya ukutani ikiwa bado inaandika, awashe tena, atazame kilichobaki. Tukaizoea hata nje ya kazi. Mwenzetu akituonyesha mchumba, wengine wanauliza, "Ameshachomolewa huyo?"

Ghala niliichomoa jioni ileile aliponiachia nakala. Iliporudi ilinisalimia vizuri sana, kama mgeni aliyevunja chungu jikoni akanyamaza. Majina niliyoyaandika mwisho hayakuwemo.

Nikaufuta mstari wake. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika: *Imechomolewa, haikupona.* Kabla chai haijapoa mstari ulikuwa umerudi. Nikaufuta tena. Simu ikaita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unanifuta kama ubao?"

"Majina yanapotea, kaka."

"Machache tu hayo! Na kila siku naitengeneza. Yunisi, itazame orodha yote. Kuna kitu hata kimoja cha kwetu? Vyote vya watu wa mbali. Leo mtoto wa Songwe amebisha hodi, wewe ndiye unayemfungia?"

Neno hilo liliniuma, kwa kuwa nilikuwa nikijiambia hivyohivyo kila asubuhi. Nilitamani kuiona Ghala pale juu. Nilitamani mno.

"Nime…" nikaanza, nikajizuia.

"Umenisikia. Vizuri. Jumamosi naitangaza kwenye mkutano wa kikundi Vwawa."

Akakata. Nikaufuta mstari.

Wiki hiyo yote yeye aliurudisha, mimi niliufuta, kila mara kwa sababu ileile. Kwenye kikundi wakaanza kunisema. *Dada kaota mapembe. Aliyepewa funguo sasa anamfungia mwenye nyumba.* Mmoja akashauri ninyang'anywe nywila. Jenista alinisomea huku akihesabu kopi.

"Watakuondoa, dada."

"Waniondoe," nikasema. "Halafu waandike 'imekubaliwa' na majina yao. Langu hapana."

Akanitazama kana kwamba nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Jumamosi ukumbi wa kanisa tuliouazima ulijaa. Nilikaa kiti cha nyuma. Gwamaka alionyesha Ghala ukutani, akaeleza inavyofanya kazi, watu wakapiga makofi. Kisha akaufungua ukurasa wetu, na mstari ulikuwepo, na jina langu ndani yake.

"Tulikuwa na ubishi kidogo na mdogo wangu," akasema, "lakini ameshanisikia. Mnamjua, maneno kwake ni ya kuazima." Wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa mazoea, na kicheko hicho kikanichukiza.

Ndipo akasimama Restuta, muuguzi wa zahanati moja huko milimani Mbebe. Alikuwa amekuja kwa pikipiki, pindo la kitenge lina matope.

"Dada Yunisi, mimi hayo ya ndani siyajui. Nina madaftari ya chanjo za watoto, nimechoka nayo. Orodha ikisema ndiyo, mimi naingiza. Je, nikirudi nianze na hii?"

Kwao wingu likitanda tu, umeme umekwenda. Nilimwona akilini akiandika jina la mtoto, taa ikizima, kisha Ghala ikimsalimia vizuri.

Shingo zote zikanigeukia. Gwamaka akatabasamu. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lilikuwa gumu. "Mjibu, mdogo wangu. Si umenisikia?"

Mdomo wangu uliijua njia yake ya kila siku. Nikasimama, nimeshika kiti cha mbele.

"Usianze, dada Restuta."

Mtu akaguna. Nikamgeukia Gwamaka, na kwa kuwa sikujua mlango mwingine wa kuingilia, nikamwamkia upya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akajibu, taratibu.

"Pale dukani niliposema nimekusikia, nilimaanisha hapana. Na kwenye simu pia, hapana. Ghala naitaka kwenye orodha kuliko unavyodhani. Itengeneze, uilete, nitachomoa waya mbele yako, na ikipona nitaiandika juu kabisa kwa mkono wangu. Lakini leo inapoteza watoto, na mimi sijaikubali. Hapana, kaka. Hapana."