Chujio Juu ya Kabati

Maneno yalinikuta saluni, kichwa kikiwa kwenye sinki. Fundi rangi alimwambia mkewe, mkewe akamwambia msusi, kwamba kwenye karakana ya kaka yangu ile mashine ya kufyonza vumbi ni geresha tu. Nikacheka na wenzangu. Lakini neno lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Binti yangu anafanya kazi pale, anapiga msasa milango. Nilimkabidhi kwa kaka, tumbo moja, kwa sharti moja tu: asivute vumbi, maana kifua chake kibovu tangu utotoni. Kaka akanionyesha mashine, ile ya kufyonza maji na vumbi. Msasa wa umeme unachomekwa kwenye soketi iliyo kichwani mwake, bomba linafungwa kwenye msasa. Ukiwasha msasa, mashine nayo inaamka yenyewe.

"Dada, hapa hata chafya hutasikia."

Miezi mitatu, binti anakohoa. Nikambana: "Unavuta sigara!" Akaapa. Nikamnusa nguo, nikampekua mkoba. Kaka alikuwepo sebuleni, anakunywa chai yangu. Akatikisa kichwa.

"Watoto wa siku hizi, dada. Mkazanie."

Basi nilipotoka saluni, nywele mbichi, nikaingia karakana bila hodi. Binti anapiga msasa, mashine inanguruma kwelikweli. Lakini nyuma yake, pale inapotolea hewa, jua la dirishani lilionyesha vumbi jembamba kama moshi, linamrudia mwanangu usoni.

"Kaka, izime. Fungua hiyo."

"Dada, umeme unaujua wewe?"

"Mfuniko naujua."

Nikachomoa waya, nikafungua vibanio mwenyewe. Ndani hamna chujio. Binti alishtuka kuliko mimi, kwani kila jioni mjomba wake ndiye aliyemwaga vumbi lake na kuifunga, nasi tukimsifu kwa bidii. Chujio lilikuwa juu ya kabati, gumu kama tofali.

Ndipo kaka akasema. Paa lilivuja, akafyonza maji chujio la vumbi likiwa humo humo. Kesho yake wakapiga msasa nalo bado bichi, vumbi likaganda, mashine ikaishiwa nguvu. Akalitoa. Mashine ikavuta vizuri, naye akanyamaza.

"Ningekwambia, ungemwondoa. Nani mwingine ana mkono kama wake?"

"Na siku ile ya sigara?"

Akaangalia sakafu.

Binti akavua miwani ya kazi. Hakumtazama mjomba wake. Alinitazama mimi.

"Mama, ulininusa nguo."

Nilimshika mkono tukatoka. Sasa ana dawa ya kuvuta, asubuhi na jioni, na daktari hajasema ni mpaka lini. Kaka amepiga simu mara nyingi. Sijapokea.

Wewe mwenye mtoto fundi, haya yaepuke:

Kufyonza maji bila kutoa chujio la vumbi na mfuko wake.

Kufyonza vumbi kabla chujio na pipa la mashine havijakauka kabisa.

Kuwasha mashine bila chujio, hata kwa dakika moja.

Kuamini ngurumo. Mashine isiyo na chujio hunguruma vizuri zaidi.

Kumwachia mtu mmoja kuifungua, hata akiwa ndugu yako.

Kumpekua mtoto kabla hujaipekua kazi yake.