Mtoto wa Kukodi

Kampuni ya viatu ilipomwita Upepo akapigwe picha na mwanawe, moyo ulimtulia. Tangu tumbo lilipoanza kuonekana walikuwa wamemkata nusu ya malipo ya udhamini, eti mkimbiaji asiyekimbia hatangazi kitu. Sasa wanamwita wenyewe. Akajua wamejirudi.

Wifi yake, aliyemsindikiza ili amshikie mtoto, hakuona hivyo. "Malipo wanakupa nusu, mtoto wanamtaka mzima," alisema walipofika mlangoni mwa studio. "Hawa watu wana macho makavu."

Ndani kulikuwa na chumba cheupe chenye taa kali, na bango lilikwisha kuandikwa: Mama Hashindwi. Upepo alivishwa fulana mpya ya kampuni. Akamuuliza meneja wa matangazo, kwa upole kabisa, nusu yake itarudi lini.

"Ukirudi kwenye mbio na ukikimbia kwa muda wako wa zamani, dada. Hii picha imo kwenye mkataba, haina malipo ya pembeni."

Muda wa zamani. Mshono haujapona vizuri, usiku halali, na bwana huyu anaongea kana kwamba Upepo alikuwa likizo ya kula na kulala. Akazimeza hasira. Akiwakorofisha, hata nusu iliyobaki itakwenda, na hiyo ndiyo kodi ya nyumba.

Mtoto naye taa zikamchosha, akaangua kilio. Kubembelezwa hataki, kuimbiwa hataki. Meneja akapiga simu, na punde akaingia mama mmoja na mtoto mnene, mtulivu, anayemchekea kila mtu.

"Huyu ni wa matangazo," meneja alieleza. "Mshike huyu, tumalize."

"Analipwa?" wifi aliuliza.

"Ndiyo, kwa siku. Na mama yake pia."

Upepo alimpakata mtoto wa watu. Mpiga picha akamwomba atabasamu, akatabasamu. Nyuma ya taa mwanawe alilia mpaka sauti ikamkauka, na maziwa yakamtoka Upepo yenyewe, yakalowesha fulana hadi kwenye jina la kampuni.

"Mbadilishieni fulana haraka," alisema meneja. "Tunachelewa."

Upepo akamrudisha mtoto kwa mama yake. Akaketi palepale sakafuni, mbele ya kamera, akampokea wake kutoka kwa wifi na kumpa ziwa.

"Dada, watu wote hawa wanakusubiri wewe."

"Subirini," alisema bila kuinua macho. "Mimi nawasubiri tangu nikiwa na mimba."