Waziri wa Masweta

Chri, chri, chri. Sauti ikatokea kushoto, ikahamia kulia, kisha ikanyamaza. Nyundo akatega sikio. Mshambuliaji huyu makipa wa shule nzima walimwogopa kama ukoma. Leo, macho yamefungwa kitambaa cheusi, alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa ukumbi, anapapasa uzi uliobandikwa kwa utepe ajue mstari wa goli uko wapi.

"Vipi, umedondosha sindano?" Waziri akamchokoza kutoka ubavuni pake. "Ukisikia njuga zinakuja, lala ubavu uzibe goli. Na hilo domo lifunge."

Msichana huyu hakuwa anaona tangu kuzaliwa. Miaka miwili, kila kipindi cha michezo, alikaa benchi akishika masweta ya wenzake, ndipo wakambandika jina la Waziri wa Masweta. Mwezi huu mwalimu wa michezo alileta mpira wenye njuga ndani, ambao wote huucheza wamefungwa macho, na mama yake akakubali acheze, shingo upande: "Siku nikiona jeraha, basi tena."

"Kimya!" mwalimu akaamuru. Filimbi ikalia.

Chri, chri... Nyundo akageuza kichwa huku na huku. Unakuja kwangu? Kwake? Hofu ikamshinda. Akainua kitambaa kwa kidole gumba, akauona mpira unamfuata Waziri.

"Angalia! Angalia kulia!" akapayuka.

Kelele zake zikazimeza njuga. Waziri, aliyekwisha kuanza kulala, akasita, akainua uso. Mpira, mzito kama tikiti, ukamgonga pua, damu ikachuruzika hadi kwenye shati.

Mwalimu akakimbilia pamba.

"Nilikuwa nao masikioni, Nyundo," Waziri akasema huku ameibana pua, "mpaka ulipofungua domo."

"Nilitaka kukusaidia."

"Nani alikuomba?" Waziri akapapasa shati lililolowa. "Mama anakuja kunichukua saa tisa. Akiona shati hili, narudi kushika masweta yenu."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika nane kufika saa tisa. Nyundo angeweza kunyamaza, nani alimwona akichungulia? Akavua kitambaa.

"Mwalimu, nilichungulia. Kelele ni zangu."

Kisha akachuchumaa mbele ya Waziri. "Natangulia kwenye lango la shule. Nitamwambia mama yako aliyekuumiza ni mimi, mchezo hauna kosa. Akinizaba kofi, nalipokea. Lakini siondoki pale mpaka akubali urudi uwanjani."