Sauti ya Margaret Kwenye Kipindi cha Magari

Mwandawiro aliingia studio ya video ya Oloo mjini Voi saa tatu asubuhi, amevaa koti la kanisani ingawa jua lilishaanza kuchoma. Alikuwa amekuja kusikia sauti ya mkewe. Margaret alifariki mwaka jana, na Jumamosi ilikuwa siku ya ibada ya kumkumbuka kule kwao Wundanyi. Binti yao, Mable, alikuwa amepekua simu za ukoo mzima. Picha zilikuwa tele, lakini sauti hakuna. Margaret alikuwa mtu wa kukata simu akishasema lake, na kamera ikitokea kwenye sherehe, yeye huyo jikoni.

Ilibaki kanda moja tu. Mwaka wa themanini na tisa, watu wa televisheni walipanda milima ya Taita kutengeneza kipindi cha magari, wakakuta mwanamke anaendesha lori la kabeji. Walimwomba aeleze namna ya kuteremka na mzigo bila kuunguza breki, naye akaeleza karibu robo saa. Mwandawiro, mumewe na utingo wake (na watu walivyomcheka kwa hilo!), alikuwa nyuma kwenye tairi, ameshika kigogo lori lisiserereke. Marehemu babake Oloo, mfanyakazi wa reli, ndiye aliyekinasa kipindi kwa deki yake ya video siku kiliporushwa. Nusu ya mtaa wa reli ilijazana sebuleni mwake, na Margaret alipotokea tu, vigelegele vikapigwa mpaka kipindi kikaisha. Hakuna aliyesikia hata neno moja, na hakuna aliyejali.

Kanda ilikuwa na ukungu. Oloo alipokuwa akiisafisha, alimwekea mzee video ya mtandaoni asichoke kungoja. Kijana mwenye miwani ya jua alikuwa akikimbiza gari kwenye barabara kuu karibu na Miasenyi, muziki unagonga, huku akipiga kelele kama aliyeumwa na nyuki.

"Huyu anafundisha nini?" Mwandawiro aliuliza.

"Hafundishi, mzee. Ni content. Siku hizi ukinyamaza sekunde tatu, watu wamehama."

"Vipindi vyetu vilikuwa vya adabu. Ulionyeshwa plagi ya injini, ukaonyeshwa namna ya kuisafisha, ukaenda ukaisafisha. Sasa kila mtu ni mdomo tu."

Aliyasema kwa ukali, maana aliogopa kanda ingekataa na hakutaka Oloo ajue.

Kanda ikakubali. Picha ilicheza kidogo, ikatulia, na huyo hapo Margaret, kitambaa kichwani, kiwiko kwenye dirisha la lori, midomo inaenda. Machozi yalimtoka mzee kabla hajajua analia. Kisha akasikia sauti. Ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya Kiswahili cha kunyooshwa: "Mama huyu shupavu hutumia gia ndogo anapoteremka."

"Ongeza sauti," alisema.

Oloo akaongeza. Mwanamume yule akaendelea, akasifu milima, akasifu barabara, akasifu kabeji. Margaret alikuwa akicheka, akionyesha gia kwa mkono, akieleza jambo refu ambalo halikutoka. Dakika mbili hivi, akaondolewa, zikaja plagi.

"Rudisha."

Walirudisha mara nne. Oloo hakujua atazame wapi.

"Ndivyo walikuwa wanafanya, mzee," alisema polepole. "Wanachukua picha huku, mtangazaji anasoma maneno yake Nairobi. Hii sauti ya mama haiko. Hata kwa kanda ya hao wa televisheni sidhani ilibaki."

Mwandawiro alimfikiria yule kijana wa Miasenyi, ambaye wajukuu wake wangemsikia akipayuka mpaka wamchoke. Miaka yote hiyo alikuwa akiisifu adabu iliyomziba mkewe mdomo.

Simu ililia. Alikuwa Mable.

"Baba, umempata?"

"Nimemwona. Hawakuiweka sauti yake."

"Basi niambie wewe, niyasome maneno yake Jumamosi. Alisema nini siku hiyo?"

Mwandawiro alitazama midomo ya mkewe ikienda.

"Nilikuwa nyuma kwa tairi, mwanangu," alisema. "Sikusikia."

Tangu siku hiyo walikula meza moja miaka thelathini na mitano, na hakuwahi kumuuliza.