Herufi Niliyomfundisha Myriam

Mishumaa ilikuwa ikiwaka kichwa chini. Mama Jocelyne alikiinua kipande cha mgongo wa blauzi kwa vidole viwili, na sote tukaona: upande wa mbele ndimi za moto zilielekea juu, lakini mgongoni zilichuruzika kuelekea kiunoni. Zilikuwa blauzi tatu za akina mama wa parokia, za kitenge kilichochapwa picha za mishumaa kwa ajili ya sikukuu yao, na dukani hakikuwa kimebaki hata kipande.

"Njo nani alikata hii kikwembe?" aliuliza.

Mimi ndiye niliyekikata. Nilikuwa nimekikunja ncha kwa ncha ili nikate matabaka mawili kwa pamoja, bila kukumbuka kwamba tabaka la chini limepinduka.

Niseme kwanza mtu wa umri wangu alikuwa akitafuta nini penye cherehani. Kwa miaka ishirini na minne nilikuwa prefe, mkuu wa shule ya sekondari hapa Kolwezi. Kabla ya hapo nililelewa katika bweni la mapadri, ambako aliyekosa alisimama mwenyewe kabla ya kuitwa. Kanuni hiyo niliwatwisha watoto wa watu wengi. Nilipostaafu, nyumba ilinibana. Miezi minane nilisahihisha makosa ya watangazaji wa redio, peke yangu, kwa sauti, hadi mke wangu Kanku akachoka.

"Tata, tafuta kazi ya mikono," alisema. "Kinywa yako imetosha."

Nikavuka barabara hadi karakana ya Mama Jocelyne. Majirani waliulizana kama prefe sasa atashona marobo, magauni ya wanawake. Waliuliza kwa sauti, nisikie. Lakini siku mshono wangu wa kwanza uliponyooka, nilirudi nyumbani nikiwa na vipande vya uzi begani, na sikuvipangusa.

Karakana ile niliiletea utaratibu: kila anayekata aandike kwa chaki herufi ya jina lake pembeni mwa kitambaa. Mwanafunzi mwenzangu Myriam hakujua kuandika. Alikuwa ametoka Tenke, alikokuwa akiosha mawe ya madini, kutwa nzima maji magotini, na aliapa kwamba hatarudi huko. Nilimshika mkono nikamfundisha M jinsi padri alivyonifundisha mimi: imeinama kulia, mguu wa mwisho una mkia mdogo. Aliiandika mezani, ukutani, hata kwenye sakafu ya mlangoni. Myriam, na mimi Mbayo. M zetu zikawa pacha, na hakuna aliyeona tatizo.

"Hapa kuko M," Mama Jocelyne alisema siku ile ya mishumaa, akamtazama Myriam.

"Si mi, mama."

"Basi ni prefe? Mutu alisomesha Kolwezi muzima, njo atakata mishumaa miguu juu?" Wengine walicheka kidogo. Kisha akanigeukia, kwa heshima ambayo hadi leo inaniunguza. "Tata prefe, sema weye."

"Kila mtu anaijua alama yake," nikasema.

Ilikuwa sentensi iliyojengwa vyema, isiyo na neno hata moja la uongo. Sikuwa na ujasiri hata wa kusema uongo kamili.

Myriam aliitazama ile herufi kwa muda mrefu. Mama Jocelyne alipomwambia asirudi tena, aliuweka mkasi mezani, taratibu, akatoka.

Nilivumilia wiki tatu, na katika wiki hizo nilishona vizuri kuliko wakati wowote. Kisha nikapanda gari hadi Tenke. Nilimkuta majini, karai mkononi. Alipangusa mikono kwanza, ndipo akanisalimu.

"Tata prefe. Kule bote beko muzuri?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yalitoka machache: mimi ndiye niliyekata.

Wanawake wa jirani yake waliendelea kutikisa makarai.

"Mi niliangalia ile M," alisema hatimaye. "Nikasema, hii mukono ni yangu. Pengine nilikata, nikasahau. Weye ulitufundisha, maandiko haidanganyi."

Nilitamani anitukane.

"Mama Jocelyne anajua?" aliuliza.

"Bado."

Alilitazama karai, si mimi. "Ulianza na mi, sababu mi siwezi kukufukuza."

Akainama, akarudi kwenye mawe yake.

Kesho yake sikwenda karakanani asubuhi, saa ambayo Mama Jocelyne huwa peke yake. Nilingoja hadi saa sita mchana, wateja wamejaa, na akina mama wawili wa parokia wanapimwa mabega. Nilivua kofia nikasimama mlangoni kabla ya kuitwa, kama bwenini. Mashine moja ilinyamaza, kisha ya pili. Ya tatu ilichukua muda mrefu sana.