Shati Lililoshinda Kaskazi

Mtaa ule wa Temeke haukuwa na mtambo wa kupimia upepo, ila ulikuwa na Bi Mwanakombo. Yeye upepo aliupima kwa kilichoruka. Wa chini kabisa aliuita upepo wa kanga. Juu yake kulikuwa na upepo wa ndoo, halafu wa turubai, na wa mwisho, Mungu apishe mbali, upepo wa bati. Na kila mwaka aliukumbuka kwa kioja chake: mwaka turubai la harusi ya Hamdiya liliponyanyuka, likawaacha wakwe wanaangaliana juani na pilau lao la mchanga, mwaka wigi la Monica liliporuka likatua kwenye karai la muuza chipsi, jamaa akalikimbia akijua ni paka. Mpaka leo Monica haipiti njia ile.

Jumapili moja ya Januari, Yuliana akajisahau kwamba anaishi jirani na mtu wa namna hiyo.

Alikuwa ametoka misa ya kwanza, nyama iko jikoni, na mwanawe Albano yuko njiani kutoka Kipawa kuja kula. Bi Mwanakombo na Monica walishajialika uani, mmoja anapeta mchele, mwingine kainamia simu. Tangu Yuliana afiwe na mumewe mlango wake haukuwa na komeo, na mwenyewe alipenda hivyo. Nyumba isiyo na vicheko ilimpa homa. Ila leo tu, leo moja, alitamani hao wawili wapatwe na dharura ndogo isiyo na madhara.

Maana leo alikusudia kumwambia Albano, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba Gaspar, fundi samani anayefanya kazi Keko na kukaa hapo bondeni, anataka kuleta posa, na kwamba yeye hana nguvu za kukataa. Albano alikuwa mtoto wa baba. Akilisikia jambo hili kwa mama yake, huenda akalimeza. Akilisikia barabarani, basi tena.

"Shoga," Bi Mwanakombo akaita, ungo umesimama hewani. "Lile shati la nani?"

Moyo wa Yuliana ukashuka hadi kwenye kandambili. Kwenye kamba, katikati ya kanga zake, lilikuwa linaning'inia shati la kiume la mistari ya buluu. Alilifua jana, akapanga kulianua alfajiri, kengele ya kanisa ikamuwahi.

"Aa, hilo? Upepo huo," akasema, akijifanya anafunika sufuria. "Si mnajua, nguo za watu wa bondeni zinaishiaga hapa. Naona kama la fundi Gaspar vile."

Bi Mwanakombo akaweka ungo chini taratibu, kama hakimu anayevua miwani.

"Monica, mwanangu. Mwezi gani huu?"

"Januari."

"Januari inavuma nini?"

"Kaskazi!" Monica akaitikia kama yuko darasani.

"Inatoka wapi, inakwenda wapi?"

"Inatoka huko Keko, inashuka kwenda Mbagala."

"Na bondeni anakokaa Gaspar ni upande gani?"

"Wa Mbagala, Bi Mwanakombo."

"Basi shati limetoka kwake, likapanda mlima, uso kwa uso na kaskazi, likafika hapa linahema, likatafuta kamba..."

"Likajibana na vibanio," Monica akamalizia. "Viwili. Shati lina adabu hilo!"

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Monica akapekua simu: kumbukumbu za upepo za miaka kumi, kila Januari kaskazi, kaskazi, kaskazi. "Dada Yuliana, hata simu imekukana."

"Mie huu upepo naujua tangu nyumba hizi za udongo," Bi Mwanakombo akasema, anafuta machozi. "Unadokoa, unavua, unaumbua. Ila kufua? Haujawahi kunifulia hata leso."

Kilichomuuma Yuliana ni kwamba uongo wake ulikuwa kweli, ila kweli ya Julai. Kusi ya mwaka jana ndiyo iliyolirusha shati hilihili kutoka bondeni, likamwangukia ndani ya beseni la dagaa. Gaspar akalifuata, akakaribishwa kiti, akaona kiti kina mguu mbovu, kesho yake akarudi na nyundo. Kufika Septemba nyumba nzima haikuwa na kiti kibovu. Oktoba, Yuliana mwenyewe alikilegeza kimoja.

"Hodi wenyewe!"

Albano huyo, mlangoni, na tikitimaji kwapani. "Shikamoo mama. Shikamoo Bi Mwanakombo. Monica, vipi?"

Kabla hajaitikiwa, upepo ukapiga, upepo wa ndoo hasa, ndoo ikabiringika hadi chooni. Shati likanyanyua mikono yote miwili kama linamsalimia mgeni.

"Shati la nani hilo?"

Vicheko vikakatika. Bi Mwanakombo akamtazama Yuliana, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaona uso ambao haukuwa kwenye utani. Akakohoa.

"Upepo, mwanangu," akasema. "Umelileta kutoka bondeni."

"Bondeni? Januari?"

"Upepo wa siku hizi hauna mwenyewe. Mabadiliko ya tabianchi hayo. Jana imevuma kusi, nimeiona kwa macho yangu."

"Hata simu imesema," Monica akadakia, akiilaza simu kifudifudi.

Yuliana akashangaa. Bi Mwanakombo huyu ndiye aliyenuniana na Sultan wa dukani mwezi mzima kwa kubishania kama upepo wa turubai ulikuwa Agosti au Septemba. Leo kaitupa heshima yake yote jalalani kwa ajili ya shati la Gaspar. Hapana, hiyo dhambi asingeweza kuibeba.

"Upepo haukulileta," akasema. "Nimelifua mie. Ni la fundi Gaspar. Anataka kuleta posa, nikamwambia asubiri kwanza niseme na wewe."

Albano akaweka tikitimaji chini, akavuta kiti, akakaa, akakiyumbisha kushoto na kulia. Kiti hakikuyumba.

"Mama, mie nimekulia uani hapa. Januari shati langu la shule nililifuata bondeni, Julai za bondeni zikatufuata huku. Tangu lini kaskazi ikatoka Mbagala?"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Marehemu baba, Mungu amrehemu, nyundo alikuwa anaishika kama mwiko. Mie Krismasi nimekaa kiti hadi kiti, hakuna kinachoyumba. Nikajua kuna mtu." Akainamisha kichwa kidogo. "Nilikuwa nasubiri uniambie. Nilianza kukasirika."

"Na sasa?"

"Sasa njaa. Mwambie aje, mama. Ila aje na wazee wake, kwa mlangoni. Asitumwe na upepo."

Bi Mwanakombo akapiga kigelegele kilichomtoa paka jikoni. Halafu akakumbuka, akawashika wote kwa macho. "Jamani, yale niliyosema ya kusi ya Januari, yaishie uani humuhumu."

"Bi Mwanakombo, mie tena?" Monica akasema, mkono kifuani.

Jioni Yuliana akaongozana na Bi Mwanakombo na Monica hadi dukani, kununua sukari ya chai. Sultan akainua kichwa kwenye mizani, akatabasamu hadi magego.

"Bi Mwanakombo, karibu! Eti nasikia kusi siku hizi inavuma Januari?"

Bi Mwanakombo akageuka polepole. Monica alikuwa ameinamia simu yake, anatazama upepo.