Dainamo Iliyoungua kwa Adabu

Mume wangu Wilbert ni mwalimu, na neno "sijui" halimo kinywani mwake. Miaka kumi na moja ya ndoa sijalisikia! Muulize njia ya kwenda mahali asipopajua, atakuelekeza, nawe utapotea vizuri kabisa.

Basi, misheni walikubali kunipa kazi ya ukunga huko Kimbiji, pamoja na pikipiki kuukuu ya padri aliyerudi kwao. Kazi hiyo niliiomba miaka miwili. Tatizo lilikuwa taa. Dainamo ya zamani ilikuwa imechoka, taa inafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Sista mkuu akaniambia, "Auleria, Jumamosi nakuja kuitazama. Taa isipowaka sawasawa, kazi nampa mwingine." Nikajinyima, nikanunua dainamo kubwa na betri mpya, nikampelekea Mzee Mfaume, fundi wa hapa hapa Mtoni aliyefunga pikipiki za jeshi tangu vita vya Hitla.

Alhamisi Wilbert akatufuata na kitabu chake cha umeme. Nani alimwita? Alimkuta mzee, umri wa baba yake, kapiga magoti, mikono imejaa grisi. Hata shikamoo hakutoa. Alisimama akingoja aamkiwe yeye.

"Karibu, Mwalimu," akasema Mzee Mfaume.

"Ule waya wa betri wenye alama ya msalaba usiufunge kwenye chuma cha pikipiki," Wilbert akasema. "Kwenye chuma unafunga ule mwingine. Kitabu kinasema."

"Una hakika, Mwalimu? Maana hizi za Uingereza mie huwa naufunga huo huo..."

"Kitabu kinasema!"

"Haya, Mwalimu."

Mzee aliuliza mara ya pili, akajibiwa vilevile. Nilimwona mzee anavyosita, na ulimi ukaniwasha. Lakini mke amkosoe mumewe mbele ya watu? Mtoni nzima ingejua kabla ya adhuhuri. Nikanyamaza. Mjinga mie!

Pikipiki ikawashwa. Haikupita robo saa, moshi. Dainamo yangu mpya imeungua!

"Mzee, ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua, mama. Lakini mwalimu akishasema, mie fundi nimbishie mbele ya mkewe?"

"Ala! Adabu gani hii ya kuunguza dainamo?" nikafoka. "Na Jumamosi ni keshokutwa!"

"Labda kiwandani walikosea," akasema Wilbert.

Kiwandani! Nilitamani kumpiga na kile kitabu. Siku hiyo sikumpikia, na Ijumaa asubuhi alikuta jiko baridi. Nikamwambia, "Nikiikosa kazi hii, Wilbert, usihangaike kunieleza sababu. Sababu ninayo, nimeolewa nayo."

Alichukua dainamo akatoka, nami nikamfuata nyuma, maana simwamini. Mzee Mfaume alikuwa mlangoni kwake anakunywa kahawa. Wilbert akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akaweka kikombe chini. "Marahaba, mwanangu."

"Hii inatengenezeka?"

"Tukiisuka waya upya, itapona. Sasa nieleze, ule waya wa msalaba tuufunge wapi?"

Wilbert akachuchumaa kando yake.

"Sijui, mzee. Nifundishe."

Miaka kumi na moja! Siku nzima walisuka, mzee anaelekeza, Wilbert anashika waya pale anapoambiwa. Safari hii waya wa msalaba ulifungwa kwenye chuma, kama mzee alivyotaka tangu mwanzo.

Jumamosi Sista alipoinama kuitazama taa, ilimbidi akinge macho kwa mkono, na ulikuwa mchana. Akacheka. "Jumatatu uanze kazi, Auleria. Nani kaifunga vizuri hivi?"

Wilbert akakohoa, kile kikohozi chake cha darasani. Nikajua tumekwisha.

"Mzee Mfaume," akasema. "Mie ndiye niliyeiunguza."